Mtoto anapouliza kama Mrundi ni jirani

Katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza niliwauliza watoto jirani ni nani. Mmoja akasema: "Baba Padre, hata Mrundi?" Wenzake wakacheka. Kicheko kile kilinihuzunisha, maana hakuna mtoto azaliwaye nacho. Hukiokota nyumbani, kuku wanapoibwa nasi tukawataja watu wa Nduta au Nyarugusu kabla ya kumjua mwizi.

Watoto waambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wao. Mdogo yamtosha kujua kwamba hakuna aikimbiaye nyumba yake kwa kupenda, na kwamba Kiha na Kirundi husikilizana (bibi zetu hawakuhitaji mkalimani sokoni). Aliye mkubwa asimuliwe habari za Buta, seminari ndogo iliyoko kusini mwa Burundi. Tarehe 30 Aprili 1997 wenye silaha waliwaamuru waseminari wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wakakataa, vijana 40 wakauawa. Kijana wenu atauliza kwa nini hawakujitenga ili baadhi wapone. Msiharakishe kumjibu. Mwulizeni yeye angesimama upande gani.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, ulilaani ubaguzi wa rangi na wa asili ya mtu. Wengi wetu tunaliafiki hilo kanisani, kisha tunalisahau tufikapo kisimani.

Yule mtoto nilimjibu: ndiyo, hata Mrundi. Akaniomba nikamwambie na baba yake.