Je, Wajua? Herufi Ndogo kwenye Boksi la Dawa

Je, wajua kwamba Coartem si jina la dawa? Ni jina la biashara la kampuni ya Novartis. Ligeuze boksi, usome herufi ndogo chini ya jina kubwa: artemether miligramu 20, lumefantrine miligramu 120. Hilo ndilo jina la dawa yenyewe, nalo halina mwenyewe. Cipla ya India huuza dawa hiyohiyo kwa jina la Lumartem. Watanzania huiita dawa mseto, au ALu.

Huko Nchelenge, Zambia, na kwenye ufuko mzima wa Ziwa Mweru, malaria haina likizo, na Zambia ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuichagua dawa hii ya kuitibu, mwaka 2002. Basi ukiambiwa dukani Kashikishi, hukohuko Nchelenge, kwamba Coartem imekwisha, usiondoke. Uliza: "Samahani, mna artemether-lumefantrine ya kampuni nyingine?" Linganisha miligramu, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukitaka kujua kama imesajiliwa nchini, ZAMRA, mamlaka ya dawa ya Zambia, ndiyo yenye orodha.

Majina haya ya dawa yasiyo na mwenyewe ni kazi ya Shirika la Afya Duniani, lililotoa orodha ya kwanza mwaka 1953. Ndiyo maana hata boksi la Kilwa, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, japo limeandikwa Kifaransa, utalisoma: majina ni yaleyale mawili, ila baadhi ya herufi e zimevikwa vialama juu.