Rekodi za shingo ya kizazi

Ukizungumzia kujifungua, sifa zote huenda kwa misuli ya mfuko wa uzazi. Ni haki yake: mfuko wenye uzito wa gramu 70 hivi kabla ya mimba hufikia takriban gramu 1,100 mimba inapotimia. Lakini chini yake kuna shingo ya sentimita tatu au nne tu, na mimi taji ningeipa hiyo. Kwa miezi tisa kazi yake ni kukataa kufunguka, kisha kwa saa chache inatakiwa ikubali kabisa.

Dhana potofu iliyokaa muda mrefu kuliko zote ni kwamba shingo hiyo ni msuli unaobana na kuachia. Mwaka 1947 daktari Mmarekani, David Danforth, alionyesha kuwa sehemu yake kubwa ni tishu unganishi, yaani nyuzi za kolajeni zilizosukwa kwa wingi, na msuli ni kidogo tu. Kwa hiyo haiachii kama ngumi inavyokunjuka. Inabidi yenyewe ibadilike umbile.

Mabadiliko hayo ndiyo yanayoshika rekodi ya hatua ndefu kuliko zote, na ndiyo yanayosahaulika zaidi. Kulainika huanza wiki za mwanzo kabisa, wakati wengine hata hawajajua kama wana mimba, na huendelea kimyakimya karibu ujauzito wote. Kolajeni ya zamani huondolewa na mpya huwekwa, ila hiyo mpya ina viungo vichache vya kuzifunga nyuzi pamoja. Shingo inakuwa laini bila kupoteza uimara wake, huku homoni ya projesteroni ikiizuia isifike mbali zaidi. Wanafunzi wa ukunga hufundishwa hivi: gusa ncha ya pua yako, hiyo ndiyo shingo isiyo na mimba, sasa gusa mdomo, hiyo ndiyo yenye mimba. Dalili hiyo imepewa jina la daktari William Goodell.

Rekodi ya kasi ni ya hatua ya kuiva, karibu na uchungu. Hapo asidi ya hayaluroniki huongezeka na kuvuta maji, nyuzi zinaachana, na kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini zinaharakisha kazi. (Asidi hiyo ndiyo inayosifiwa kwenye krimu za uso kwa bei ya kuogofya; wanasayansi Karl Meyer na John Palmer waliitoa kwenye jicho la ng'ombe mwaka 1934.) Baada ya hapo ndipo mkunga anaanza kutangaza: njia imefunguka sentimita nne, sita, nane, mpaka kumi.

Kwa kipimo cha bei nafuu kuliko vyote, mshindi ni vidole viwili. Mwaka 1964 daktari Edward Bishop alipanga alama za mambo matano: njia imefunguka kiasi gani, shingo imefupika kiasi gani, ni laini au ngumu, imeelekea wapi, na kichwa cha mtoto kimeshuka hadi wapi. Jumla ya juu ni 13, na hadi leo wodini wanaitumia. Altrasaundi inamfuata: shingo iliyo chini ya milimita 25 kabla ya wiki ya 24 ni onyo kwamba mtoto anaweza kuzaliwa njiti. Wengine hushonwa uzi kuizunguka shingo, njia iliyoelezwa na daktari V. N. Shirodkar wa Mumbai mwaka 1955, na uzi wenyewe hutolewa kwenye wiki ya 36 au 37.

Kifaa kilichohama kazi kuliko vyote ni mpira wa mkojo. Shingo ikichelewa kuiva yenyewe, ncha ya mpira huo yenye puto hupitishwa ndani ya shingo, puto hujazwa maji, na ule mkandamizo unaifungua polepole na kuamsha prostaglandini za mama mwenyewe. Misoprostoli nayo ilianza maisha kama dawa ya vidonda vya tumbo. Leo huivisha shingo, ila ni kwa dozi ndogo na chini ya macho ya wahudumu, kwa sababu ikizidi mfuko unaweza kupasuka.

Alama inayodumu zaidi hubaki mlangoni. Baada ya kujifungua shingo hujifunga tena, na wiki ya kwanza ikiisha uwazi umebaki kama sentimita moja. Tundu ambalo zamani lilikuwa la duara sasa ni mstari wa kulala. Aliyefanyiwa upasuaji kabla njia haijafunguka hubaki na duara lake.