Kreta inafungwa saa 12, laptopu yangu je?

Kuna swali mume wangu aliniuliza usiku mmoja, likanikata maini: "Hivi mama, hiyo kampuni yenu haina geti?"

Yeye ni dereva wa watalii. Tunaishi Karatu, na kazi yake kubwa ni kuwashusha wageni kreta ya Ngorongoro. Kule saa 12 jioni ikigonga, kila gari liwe limeshapanda kutoka chini. Upende usipende, siku imekwisha. Mimi naandika programu za kompyuta kwa kampuni yenye wateja wengi Marekani. Saa 11 jioni, yeye anapoanza kupandisha ukingo wa kreta, New York ndiyo kwanza saa 3 au 4 asubuhi. Yeye anafunga siku, bosi wangu anaifungua.

Mashosti huniuliza: kazi hii inalipa? Haya, nawapa yote, matamu na machungu.

RAHA YAKE

Kwanza, mshiko. Unaingia kila mwezi, watalii waje wasije. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, corona ilipopiga hodi, wakashuka hadi takribani 620,000. Mume wangu alikaa nyumbani miezi bila safari hata moja, na laptopu yangu ndiyo iliyolipa ada na kununua unga.

Pili, sikulazimika kuhamia Dar wala Arusha na kumwacha mwenzangu. Nafanya kazi hapahapa, maharage yangu yakiwa jikoni.

Tatu, kila siku unajifunza kitu kipya. Ubongo haulali.

KARAHA YAKE

Shida ni kwamba haulali kweli! Programu ikigoma saa 8 usiku, simu inaita. Mwezi Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikasuasua nchi nzima, nilishinda nabadili laini za simu huku bosi akiuliza nimejificha wapi. Na majirani ndio kabisa: "Huyu si yupo tu nyumbani anacheza kompyuta?"

Lakini kilichoniumiza zaidi ni hiki. Mara tatu nilimwahidi mume wangu tutaenda mnadani kula nyama choma, na mara tatu nikaahirisha. Mwishowe akawa anakula kwa mama ntilie kabla ya kurudi nyumbani. Zilipita wiki mbili sijagundua. Usiku nilipogundua ndipo aliponiuliza lile swali la geti.

TUKAWEKA GETI

Asubuhi yake nikausoma mkataba wangu mstari kwa mstari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na likizo ya mwaka ni siku 28. Kumbe mimi nilisaini kama mtoa huduma, si mwajiriwa! Hayo yote hayakunihusu.

Nikaomba kuzungumza na bosi. Tukakubaliana vikao viishe saa 1 usiku, na dharura za usiku tupokezane kwa zamu. Alikubali, ila nyongeza niliyokuwa naisubiri ikaota mbawa. Iliniuma, sitadanganya. Siku hizi mume wangu anakula nyumbani, na mnadani tumeshakwenda.

Bado naipenda kazi yangu, na sitaiacha. Ila wewe unayetamani kuingia huku, kabla hujasaini kaa na mwenzi wako, mwambie saa zako zitakuwaje. Kisha ukifika kwa bosi usiulize mshahara tu. Uliza umeajiriwa au unatoa huduma, na geti linafungwa saa ngapi.

Kazi kwako!