Misleto: Mmea uliovishwa sifa za mapenzi na uponyaji

Ifikapo Krismasi, familia nyingi nchini Uingereza hutundika mlangoni kitita cha matawi ya misleto, mmea wenye matunda madogo meupe. Wawili wakikutana chini yake huruhusiwa kubusiana. Zamani, kama alivyoandika Mmarekani Washington Irving mnamo 1820, kijana alichuma tunda moja kwa kila busu. Matunda yakiisha, ruhusa nayo ikaisha.

Mmea wenyewe hauna tabia ya kupendeza. Hauoti ardhini, bali hung'ang'ania matawi ya mitufaha na miti mingineyo na kufyonza maji yake. Jamaa zake humea hata kwenye migunga ya humu nchini. Ndege ndio husambaza mbegu zake, zilizozungukwa na utomvu unaonata, utomvu ule ule ambao Warumi waliufanyia ulimbo wa kuwanasa ndege.

Kilichowastaajabisha watu wa kale ni kwamba miti ipukutishapo majani msimu wa baridi, misleto husalia kijani kibichi. Mwandishi Mrumi Pliny, katika karne ya kwanza, alisimulia jinsi makuhani wa Gaul, eneo ambalo leo ni Ufaransa, walivyouenzi ulipoota juu ya mwaloni, jambo lililo nadra. Siku ya sita ya mwezi mwandamo, kuhani aliyevaa kanzu nyeupe aliukwea mti na kuukata mmea huo kwa mundu wa dhahabu. Fahali wawili weupe wakachinjwa. Waliuita mponyaji wa yote, wakiamini kuwa kinywaji chake huondoa kila sumu. Ajabu ni kuwa misleto yenyewe ina sumu.

Katika masimulizi ya Snorri Sturluson wa Iceland, ya karne ya 13, mmea huo ni muuaji. Mungu wa kike Frigg aliviapisha vitu vyote visimdhuru mwanawe Balder, akauacha misleto kwa kuuona mchanga mno. Loki, mwingi wa hila, akampa kipofu kitawi chake akirushe. Balder akafa papo hapo.

Hata hivyo, sifa ya uponyaji ndiyo iliyodumu. Nchini Ujerumani na Uswisi, baadhi ya wagonjwa wa saratani hudungwa sindano za dondoo la misleto. Tafiti nyingi kuzihusu zina kasoro, na mamlaka ya dawa ya Marekani haijaziidhinisha kutibu saratani. Kwa kawaida hutolewa sambamba na tiba za hospitali. Hatari humkabili mgonjwa anayeacha upasuaji au mionzi na kuutegemea mmea huo pekee.