KOMPYUTA MIA KWA AMRI MOJA

Ndugu wafanyakazi, siku hizi kompyuta iko kwenye mizani ya majani ya chai, kwenye lango la kiwanda na katika ofisi ya mishahara. Lakini kompyuta mpya haifanyi kazi yo yote mpaka iwekewe mfumo endeshi, yaani programu kuu inayouongoza mtambo wote.

Zamani fundi alikwenda kwenye kila kompyuta na diski mkononi, akajibu maswali yake, akangoja. Penye kompyuta mia, kazi hiyo ilikula majuma. Sasa kompyuta ikiwashwa hupiga hodi kwenye mtandao. Seva, yaani kompyuta inayozihudumia nyingine, huipa anwani, huipelekea programu ndogo ya kuanzia, kisha huipa mfumo wote pamoja na majibu ya maswali. Hakuna mtu anayeigusa. Utaratibu huo wa kuanzia, uitwao PXE, ni wa kampuni ya Intel. Toleo lake la 2.1 lilitoka mwaka 1999. Mwaka huo huo Thomas Lange wa Chuo Kikuu cha Cologne, Ujerumani, alianza programu ya FAI kwa kazi hii, na inatumika bila malipo.

Lakini amri inayofika kote kwa mara moja hufikisha na kosa kote. Mwezi Mei 2014, katika Chuo Kikuu cha Emory mjini Atlanta, Marekani, amri ya kuweka Windows 7 ilitumwa kwa bahati mbaya kwa kompyuta zote za Windows, hata seva. Zikaanza kufutwa na kuwekwa upya. Kosa lilipogunduliwa, seva iliyotoa amri nayo ilikuwa imekwisha kufutwa.

Kilo ulizochuma na saa za ziada ulizofanya zimo katika mitambo kama hiyo. Zikifutika, utadai kwa ushahidi gani? Hapana budi kila tawi la chama limwulize mwajiri mambo matatu:

1. Nakala za kumbukumbu za mishahara zinawekwa wapi, nje ya mtandao huo?
2. Ni watu wangapi wanaohakikisha amri kabla haijatumwa?
3. Fundi aliyezunguka na diski amefundishwa kazi mpya, au amepewa barua ya kuachishwa?

Mtambo hutii tu. Anayeuamrisha ndiye anayehitaji mafunzo, na mafunzo ni haki ya mfanyakazi. Nawe, ndugu, tunza karatasi yako ya mizani. Hiyo haifutwi na seva.