Lori la Keya kwenye kiganja chako

Chukua kifuniko cha chupa ya soda, zile chupa za plastiki. Kipime na rula: karibu sentimita 3. Sasa zidisha mara 35. Umepata mita 1 na kitu, yaani kimo cha gurudumu la lori kubwa la jeshi. Pale Dunga ufuoni, kati ya mashua na vibanda vya samaki, vifuniko hivi vimejaa tele. Kwa hivyo kila Jumapili ukienda kula ngege na ugali unakanyaga magurudumu ya lori, ni vile tu hujui.

Kuna watu duniani ambao hobi yao ni hiyo: kujenga malori ya jeshi na askari wadogo, kila kitu kwa kipimo, hadi boliti za mlango. Wakishamaliza wanawapanga juu ya ubao wenye udongo na vichaka, wanaonyesha tukio moja. Hiyo inaitwa diorama. Kama umewahi kuingia Kisumu Museum ukamwona yule simba aliyemrukia nyumbu mgongoni, umeshapata picha. Pale wanyama ni wa saizi yao. Huku kwetu tunapunguza.

Skeli inayopendwa sana kwa magari ya vita ni 1:35. Ilianzia Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kampuni ya Tamiya ilitaka kifaru kidogo chenye mota, na betri zilihitaji nafasi ndani. Betri ndizo zilizoamua ukubwa, dunia ikafuata. Kwa skeli hiyo lori la mita 6 linakuwa sentimita 17, na mtu wa mita 1.75 anakuwa sentimita 5 kamili. Anakaa kwenye kidole.

Sasa shida iko hapa. Ukiagiza seti ya plastiki kutoka ng'ambo, kwanza bei ya kuisafirisha na ushuru itakutoa jasho. Halafu ukifungua boksi, mara nyingi unampata Mjerumani, Mmarekani au Mrusi. Mtu wa kwetu utamtafuta sana. Na walikuwepo, tena wengi.

Waulize wazee wa huku ziwani kuhusu Jo-Keya. Keya ni KAR, King's African Rifles, jeshi la Mwingereza lililojaa Waafrika. Vita vya Kwanza vilifika karibu kabisa na sisi: Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, na askari wa KAR wakatoka Kisumu kwa meli kwenda kuwakabili. Wakati huo mizigo ya vita ilibebwa vichwani. Wapagazi hao waliitwa Carrier Corps, na ndiyo maana Nairobi kuna Kariokor na Dar es Salaam kuna Kariakoo. Mtu ndiye alikuwa lori.

Vita vya Pili vilipokuja, lori lenyewe lilikuwa limefika. Mwaka wa 1941 vikosi vya KAR, pamoja na vya Nigeria, Gold Coast na Afrika Kusini, viliondoka Kenya kupigana na Waitaliano. Kismayu waliingia 14 Februari, Mogadishu 25 Februari, na 6 Aprili wakawa Addis Ababa. Hizo ni siku 51, zaidi ya kilomita 2,000 za mchanga, mawe na milima, juu ya malori kama Ford na Chevrolet. Kuna mtu alishika usukani. Kuna mtu alilala chini ya lori akifunga nati usiku. Kwenye filamu za vita unazozitazama kwa simu, huyo mtu humwoni.

Hapo ndipo hobi hii inakuwa kitu zaidi ya kuua wikendi. Modeli haikubali kubahatisha. Mfano: lori la Uingereza aina ya Bedford QL ni zuri sana, lakini lilianza kutoka kiwandani 1941. Ukiliweka kwenye barabara ya Kismayu Februari mwaka huo, umeshadanganya watu. Kwa hivyo utasoma, utatafuta picha za zamani, utapiga hesabu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini sijawahi kupiga hesabu ya mgao mara nyingi kama tangu nianze kutengeneza lori.

Vifaa viko mtaani. Bodi ya lori ni katoni ngumu au plastiki ya ndoo iliyovunjika. Magurudumu ni vile vifuniko, ukivivalisha raba uliyokata kwenye ndara kuukuu. Madigadi ni mkebe wa soda uliokatwa kwa makasi, chunga vidole. Kamba za kufungia mzigo ni nyuzi za nyavu zilizochakaa, na wavuvi watakupa bure ukiomba vizuri. Turubai ni tishu iliyolowekwa kwenye gundi nyeupe ya mbao: ikikauka inabaki na mikunjo kama turubai kweli. Vichaka ni mizizi ya magugu maji iliyokaushwa juani. Akina mama wa Dunga wanasuka vikapu kwa magugu hayo hayo na kwa mafunjo, wewe umeomba mizizi tu.

Usisahau debe. Petroli ya jeshi la Uingereza miaka ile ilibebwa kwa madebe ya galoni 4. Debe la kimo cha sentimita 35 kwa skeli yetu ni sentimita 1 kamili. Kata vipande vya mbao, vifunike na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, vipange nyuma ya lori safu kwa safu.

Askari ndiye kazi. Unaanza na mifupa ya waya mwembamba, kisha unamvalisha nyama kwa epoksi ya fundi bomba, ile inayokandwa kama unga wa chapati. Vaa glavu, na ukipiga msasa funika pua. Ngozi usipake nyeusi tii: changanya hudhurungi mbili tatu, weka nyepesi kidogo kwenye pua na mashavu. Kofia ni ya ukingo mpana, kaptula ni khaki. Mwisho chukua udongo mwekundu, uchuje na chujio la chai, upake lori lote vumbi. Lori linalong'aa halijaenda popote.

Lakini kabla hujamsimamisha askari wako, utakwama kwa maswali. Alivaa nini miguuni? Sufuria ya chakula ilining'inia wapi? Walikuwa wakiimba au walikuwa kimya? Mengine hayako kwenye vitabu, yako kwa dani yako. Piga hesabu nyingine: kijana wa miaka 20 mwaka wa 1941 leo angekuwa na zaidi ya miaka 100. Waliobaki ni watoto wake, na hao pia wamezeeka. Ukienda kwa mzee mikono mitupu na kumwambia "nisimulie historia", atakupa mambo mawili na kunyamaza. Muwekee lori mezani. Atakuambia umelikosea, kisha atakueleza kwa nini.

Na utasikia mengine yasiyofurahisha. Vita vilipoisha, askari Mwafrika alilipwa kidogo kuliko Mzungu aliyepigana naye jeshi moja. Kwa hivyo diorama yako si lazima iwe ya mabomu na bendera. Ya kwangu ninayoijenga sasa ni lori limezama mchangani, watu wanne wanasukuma, mmoja amekaa kando anavua kiatu.

Itakulipa? Sitakudanganya. Kufikia sasa haijanilipia hata kodi ya mwezi mmoja. Kuna mtalii mmoja mmoja pale ufuoni anayeuliza bei, na mkono uliozoea kazi ndogo hukosi pa kuutumia, iwe ni modeli za majengo au vifaa vya filamu. Ila kama unatafuta hela za haraka, omera, endelea na boda.

Ukimaliza, bandika kibao mbele ya ubao: mwaka, mahali, na jina. Kama kwenu kulikuwa na Jo-Keya, andika jina lake lote, si "askari wa KAR" tu. Kama hulijui, hiyo ndiyo simu ya kupiga nyumbani leo jioni, kabla hujakata hata katoni moja.