Ncha butu au chembe kikali? Elimu ya mshale wa windo dogo Pwani

MTU anaposikia habari za uta na mishale katika Pwani ya Kenya, fikira zake huenda moja kwa moja kwenye chembe cha chuma kilichopakwa sumu. Hata hivyo, mpiga mishale stadi hatumii chembe cha aina moja kwa kila windo. Ndege na wanyama wadogo kama kanga, kwale na sungura wana mshale wao. Jinsi ya kuuchagua na kuubeba mshale huo ni elimu ambayo ingali na manufaa kwa wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, ingawa leo shabaha halali ni ubao au gunia tu.

Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 nayo ikataja bayana kwamba hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani ni kosa. Anayemlenga kwale kichakani, basi, huvunja sheria hata kama mshale wake ni wa mti mtupu.

Kila ncha na kazi yake

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nchini Tanzania, ambao baadhi yao wangali wanaishi kwa kuwinda, hutoa mfano ulio wazi. Mishale yao ni ya mafungu matatu. La kwanza ni la mti mtupu, kwa ndege na wanyama wadogo. La pili lina chembe cha chuma kisicho na sumu, kwa wanyama wa kadiri. La tatu lina chembe kilichopakwa sumu, kwa wanyama wakubwa.

Sababu za mgawanyo huo hazina fumbo. Chembe chembamba huweza kupenya mwili wa ndege, naye akaruka na kwenda kufia mbali. Chembe kipana humchana, nyama ikaharibika. Ncha butu haipenyi, bali huangusha kwa kishindo. Tena ikikosa shabaha iliyo juu ya mti, aghalabu haikwami tawini. Hugonga na kuanguka, mwenyewe akauokota mshale wake. Kwa aliyeuchonga kwa mkono, hiyo si faida ndogo.

Wanaojifunza mchezo huu leo hutumia ncha za dukani. Nyingi zina uzito wa gramu 6.5 hadi 8. Zipo butu za raba, na zipo zenye vijiwaya vya springi vinavyonasa nyasi ili mshale usipotelee chini yake. Kanuni kuu ni kwamba ncha zote za mtu mmoja ziwe na uzito sawa. Ncha nzito huutuliza mshale hewani lakini huushusha mapema. Akichanganya nzito na nyepesi, hatajua kosa ni la mkono wake au la mshale.

Ziaka na kifuniko

Kuhusu kubeba, wanaokumbukwa zaidi ni Wawaata, waitwao pia Waliangulu, waliowinda ndovu katika nyika iliyo nyuma ya Pwani, ikiwemo ile iliyofanywa Mbuga ya Tsavo mwaka 1948. Sumu yao ilitokana na mti wa msunguti, nayo ikiingia katika damu husimamisha moyo. Kwa hiyo sehemu iliyopakwa ilizungushiwa ngozi nyembamba. Ngozi hiyo iliizuia sumu isikauke, na ilimkinga mchukuzi asijichome.

Tahadhari hiyo inafaa hata pasipo sumu. Mishale hutiwa katika ziaka au podo lenye kifuniko, ncha zikielekea chini, na kitako chake huwekwa ngozi au kitambaa kizito. Ncha kali na butu hazichanganywi, ili mkono usikosee. Upote hufunguliwa safarini. Wala asidanganyike mtu kwamba butu ni salama: mshale unaomwangusha kanga unaweza kumpofusha mtoto.

Kumbukumbu za Likoni

Katika bara ya Mombasa, namna ya kubeba ina uzito mwingine. Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi waliokuwa na bunduki, mapanga, pinde na mishale walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kile cha feri. Polisi wasiopungua sita waliuawa. Ghasia zilizofuata zilipoteza maisha ya watu wengi na kuwafukuza maelfu makwao. Kwa walioyaona hayo, mshale ulio wazi mkononi mwa kijana karibu na kivuko hauwezi kuwa mchezo. Sheria ya makosa ya jinai nayo humtia hatiani anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutisha watu.

Hofu hiyo si ngeni. Katika simulizi za Waswahili, Fumo Liongo alikufa akiwa amepiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa utani. Watu walikaa bila maji, wakidhani yu hai.

Ulengaji shabaha, hata hivyo, una nafasi yake ya heshima. Mwaka 2016, mpiga mishale Shehzana Anwar ndiye aliyebeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro. Kijana wa Likoni anayetaka kuifuata njia hiyo aufungue upote, aufunge uta katika kitambaa na kukifunika ziaka kabla ya kupanda feri. Kufanya hivyo hakumgharimu chochote, na jirani yake husafiri bila hofu.